Tandiko: Neno Moja, Bidhaa Zaidi ya Moja
Tandiko latokana na kutandika, yaani kutandaza kitu juu ya kingine. (Kumtandika mtu bakora ni habari nyingine.) Ndiyo maana duka la mashuka huuza matandiko ya kitanda, na fundi wa ngozi naye hushona tandiko la punda. La farasi huitwa pia seruji. Shogi ni mfuko wa ukili uning'iniao ubavuni mwa mnyama. Haushiki nafasi ya tandiko.

Mlaji wa Dodoma anayembebesha punda madumu ya maji wakati wa kiangazi ahakikishe fundi amemwelewa. Tandiko linalofaa hugawa uzito juu ya mbavu za pande zote mbili, likauacha uti wa mgongo bila kubanwa. Gunia lililokunjwa haliwezi hivyo. Huleta vidonda, na punda akilala kwa vidonda, maji hubebwa kichwani.

Basi stakabadhi isiandikwe “tandiko 1” tu. Itaje mnyama, kazi yake, na kilichojazwa ndani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini maandishi yasiyo wazi humpa muuzaji mwanya wa kujitetea. Mpimie punda mwenyewe kabla ya kumaliza malipo.