Umaskini Uingiao kwa Nyayo

Mtoto asinziapo darasani, au akikosa shule mara kwa mara, watu husema upesi: ni mvivu. Yafaa kwanza tutazame miguu yake. Mtoto asiye na viatu, ambaye kwao hakuna choo, hukanyaga udongo wenye minyoo ya safura. Nayo hupenya ngozi, hufika matumboni, hunyonya damu yake. Hivyo umaskini huzaa udhaifu, udhaifu huzaa ujinga, na ujinga huzaa umaskini tena.

Je, mnyororo huo waweza kukatwa? Tangu mwaka 1998 watoto wa shule 75 za Busia, nchini Kenya, walipewa dawa ya minyoo, kundi baada ya kundi. Wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer waliona ya kuwa kukosa shule kulipungua kwa robo hivi. Mwaka 2021 wao na wenzao walitangaza ya kuwa makundi yaliyotangulia, yaliyopata dawa miaka 2 au 3 zaidi, yalipata ukubwani ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa 13 katika 100.

Basi tusimhukumu mtoto kabla ya kumtibu. Wala dawa peke yake haitoshi: choo kisipochimbwa, minyoo hurudi.

Swali la kuzungumza: Katika mtaa wenu, ni nyumba ngapi zisizo na choo, na nani atasaidia kuchimba?