Kuku wa Leghorn: Tabia Yake na Mayai Yake



Somo la leo lahusu kuku mweupe aitwaye Leghorn, kwa ajili ya ndugu wa Gitega na Muyinga wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba ili kuongezea mshahara. Wengi humnunua kuku huyu kwa sifa moja tu, nayo ni mayai. Kisha humwachia uani pamoja na kuku wa kienyeji, wakamlisha yale yale, wakangoja. Baada ya miezi miwili mayai ni ya kuhesabika, kuku wawili wamerukia kwa jirani, na fedha ya mshahara imekwenda bure. Kosa si la kuku. Leghorn ana tabia zake, na nyingi katika hizo zimefuatana na utagaji wake. Anayetaka mayai hana budi kuzipokea na hizo tabia.

Asili yake ni Italia. Leghorn ni jina ambalo Waingereza waliuita mji wa bandari wa Livorno, na kutoka nchi hiyo kuku hawa walipelekwa Marekani katika karne ya 19. Huko wafugaji walichagua, kizazi baada ya kizazi, mtetea atagaye sana na kula kidogo, wakamwacha yule apendaye kuatamia. Maana kuku anayeatamia hatagi. Mtetea wetu wa kienyeji hutaga mayai kumi mpaka kumi na tano, huyalalia siku 21, kisha hulea vifaranga majuma mengi kabla ya kutaga tena. Kwa mwaka mzima mayai yake huwa 40 hadi 60 hivi. Leghorn akitunzwa vizuri hupita 250.

Kwa hiyo usimtegemee Leghorn akuangulie vifaranga. Ukivitaka, tia jogoo wa Leghorn, okota mayai na uyaweke chini ya mtetea wa kienyeji aliyekwisha kuanza kuatamia; mayai kumi hayamshindi. Lakini ikiwa ulionunua ni chotara wa mashamba makubwa, binti zao hawatataga sawa na mama zao. Na wale kuku wekundu wa mayai wanaoonekana sana siku hizi si Leghorn. Wao ni wapole zaidi, na mengi ya hapa chini kuhusu woga hayawahusu sana.

Leghorn ni mwepesi, mtetea hafiki kilo mbili au huzifika kwa shida. Huruka ua wa mita moja na nusu bila taabu. Akisikia kishindo, kundi zima hukimbilia pembe moja na kulaliana, na wa chini hufa kwa kukosa pumzi. Dawa ya kuruka ni rahisi: kata manyoya marefu ya bawa moja tu, akose mizani. Yakiota tena baada ya kunyonyoka, kata tena.

Woga ndio wenye kula mayai. Yai huchukua saa 25 hivi kutengenezwa, na karibu saa 20 katika hizo ni za kulivika ganda. Kuku akishtuka wakati huo, huweza kulizuia yai au kulitoa kabla halijakamilika. Ndiyo sababu unaokota yai lenye ganda laini kama ngozi, au lenye unga wa chokaa juu yake, na kesho yake huokoti kitu.

Tuchukue mfano wa ndugu anayefanya zamu ya usiku katika kiwanda cha kahawa pale Gitega. Arudi saa tisa za usiku, aingia bandani na tochi kuhesabu kuku wake. Asubuhi watoto wawafukuza kwa mchezo. Mchana jirani apita na mbwa. Ndugu huyu adhani analinda mali yake, kumbe tochi ile imemgharimu mayai. Afadhali mtu mmoja wa nyumbani awashughulikie, kwa saa zile zile na nguo zile zile, na kabla ya kufungua mlango awaite au apige mluzi wasishtukizwe. Kama ni lazima kumkamata mmoja, ngoja giza liingie, umtoe polepole kwenye kichanja. Banda lisiwe la msongamano: kuku watatu au wanne kwa mita moja ya mraba, na kiota kimoja chenye giza kwa kuku watano. Wakisongamana watadonoana mpaka damu.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba ndugu msomaji achukue kalamu. Leghorn anayetaga ahitaji kama gramu 110 za chakula kwa siku. Kuku sita ni gramu 660, yaani kilo 20 kwa mwezi. Wakitaga vizuri watakupa mayai manne kwa siku, 120 na kidogo kwa mwezi. Gawa: kila yai limekula gramu 165 za chakula. Nenda sokoni, uliza bei ya chakula hicho na bei ya yai. Kama yai halizidi gharama hiyo kwa kiasi cha kukutosha, mwache Leghorn, ufuge kuku wa kienyeji ambaye hujitafutia. Si aibu.

Chakula chenyewe si pumba tupu. Changanya mahindi yaliyoparazwa, pumba za mchele, soya iliyokaangwa au mashudu ya alizeti, na ndagala waliotwangwa. Machicha ya pombe ya mtama yafaa yakikaushwa, lakini kidogo, kwani hujaza tumbo bila kulisha. Mahindi yenye ukungu usiwape kabisa. Majani ya lengalenga hufanya kiini cha yai kuwa cha manjano, na wanunuzi hukipenda. Kwa ganda, kuku ahitaji madini ya chokaa kila siku: mpe mawe ya chokaa yaliyosagwa, si chokaa ya kupaka ukuta, au maganda ya mayai yaliyochomwa na kutwangwa laini. Usimtupie maganda mazima, atajifunza kula mayai yake. Maji yasikauke hata siku moja, hasa kiangazi cha Juni mpaka Agosti.

Vitabu vya Ulaya husema kuku apate mwanga wa saa 16. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Usiwashe koroboi bandani kwa ajili ya hilo. Mayai machache yatakayopungua si kitu mbele ya banda lililoungua.

Ugonjwa wa kuogopwa ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ukiingia katika nyumba za wafanyakazi zilizobanana, huweza kuwamaliza karibu wote kwa juma moja, na hauna tiba. Kuna chanjo tu, ya tone la jicho, kila miezi mitatu au minne. Chupa moja huchanja kuku mia au zaidi, na ikifunguliwa haikai. Kwa hiyo mtu mwenye kuku sita peke yake hupata hasara. Majirani wachange, wachanje siku moja, na kuku wa kienyeji pia, kwani hao ndio wapitao nyumba kwa nyumba.

Mwisho, jinsi ya kumjua anayekula bure. Leghorn kijana ana miguu ya manjano. Kadiri anavyotaga, rangi hiyo huhamia kwenye kiini cha yai: mdomo huanza kupauka, kisha miguu. Baada ya miezi sita ya kutaga, mwenye miguu bado ya manjano sana na upanga wa kichwani uliosinyaa ni mvivu. Muuze mapema, kwani nyama yake ni kidogo na kila siku ala gramu zake 110.