Una Chumba cha Wageni? Jua Leseni na Ushuru Wako

Mpaka wa Busia na Malaba huleta madereva wa malori na wafanyabiashara wanaotafuta pa kulala siku chache tu. Mkazi wa Mundika anayewapokea nyumbani kwake anafanya biashara ya malazi, wala hapokei kodi ya nyumba ya kawaida. Sheria hutofautisha mambo haya mawili.

Mpangaji wa kila mwezi: Tangu Januari 2024, mwenye nyumba anayepata kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hulipa KRA asilimia 7.5, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mgeni wa siku chache: Unahitaji:

1. Kibali cha biashara cha kaunti, kila mwaka.
2. Leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011.
3. Kulipa Hazina ya Utalii tozo ya asilimia 2.
4. Kuwasilisha ritani ya ushuru wa mapato KRA kufikia Juni 30. Mauzo yakifika Sh5 milioni kwa mwaka, jisajili kulipa VAT ya asilimia 16.

Mfano: Chumba cha Sh1,500 kikilaliwa siku 20 huleta Sh30,000. Tozo ya utalii ni Sh600, nayo huhesabiwa kabla hujatoa gharama ya umeme, maji na sabuni. Ihesabu unapopanga bei.

Kibali cha kaunti hakichukui nafasi ya leseni ya utalii, wala leseni haifuti ushuru. Andika kila malipo kwenye daftari na utunze risiti. Kwa maelezo zaidi, fika katika ofisi ya mapato ya kaunti mjini Busia.