Hita ya Dola 400 na Hita ya Dola 40: Soma Kabla ya Kununua, Soma Tena Kabla ya Kuwasha
Mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Kila baridi inapokaza, familia tunazozihudumia hutuletea bili za umeme zilizopanda ghafla, na pamoja na bili hizo habari za hita mpya ya bei kubwa iliyonunuliwa kupitia tangazo la kwenye simu. Tangazo lilisema hita hiyo ni teknolojia mpya, inapasha nyumba nzima kwa dakika chache na inakula umeme kidogo. Mtu aliyeishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, kisha akakutana na Januari ya Minnesota, ana haki ya kutafuta joto popote. Wanaouza hita hizo wanalijua hilo, ndiyo maana matangazo huongezeka baridi ikikaza.

Bei hainunui joto

Soketi ya kawaida ya nyumba za Marekani ina umeme wa volti 120, na mara nyingi saketi yake ni ya ampea 15. Hesabu hiyo inakomea kwenye wati 1,800, na watengenezaji hubaki chini ya hapo. Ndiyo sababu hita nyingi za kuchomeka huishia wati 1,500, ziwe za dola 40 au za dola 400. Umeme unaoingia kwenye hita ya aina hii hugeuka joto karibu wote. Hakuna unaopotea ambao uvumbuzi mpya ungeweza kuuokoa. Iwe ina miale ya infraredi, iwe ya kauri, iwe na kabati la mbao na taa zinazoigiza moto wa kuni, wati 1,500 ni wati 1,500.

Piga hesabu mwenyewe. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa 8 inatumia uniti 12 za umeme (kwenye bili huandikwa kWh). Kama uniti moja ni senti 17, usiku mmoja umekula dola 2 na senti 4, na siku 30 zimekula zaidi ya dola 61. Hita mbili ni zaidi ya dola 122. Bei uliyolipa dukani haipunguzi hata senti moja hapo. Vile vihita vidogo vinavyokaa juu ya soketi navyo hutumia umeme kidogo kwa sababu vinatoa joto kidogo, basi. Mtambo wa gesi unaopasha nyumba ya kawaida hutoa joto sawa na hita kumi au zaidi za wati 1,500, kwa hiyo anayekuambia kihita cha ukubwa wa ngumi kitapasha nyumba nzima anakudanganya.

Fedha ya ziada inaweza kukununulia utulivu bila kelele, rimoti na sura nzuri. Hita inayomulika miale inafaa pia kumpasha mtu mmoja aliyekaa mbele yake huku vyumba vingine vimepunguzwa joto. Lakini hata ya bei nafuu hufanya hivyo.

Kifaa kimoja cha gharama kinastahili bei yake: pampu ya joto. Hii hailitengenezi joto, bali hulivuta kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, na kwa uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti mbili hadi nne. Hufungwa na fundi na gharama yake ni maelfu ya dola. Ukiwa na nyumba yako inayopashwa kwa hita za umeme za ukutani au kwa mafuta, iulizie. Ukiwa mpangaji, uamuzi huo ni wa mwenye nyumba, usitoe fedha yako.

HATARI: EKSTENSHENI

Sasa tunasema jambo ambalo wengi hulisoma kisha wakalipuuza. Usichomeke hita kwenye ekstensheni. Usichomeke hita kwenye ule ubao wa soketi nyingi unaochajia simu na kuwashia televisheni. Hita ya wati 1,500 huvuta ampea 12 na nusu mfululizo, na waya mwembamba unaopita chini ya zulia huchemka bila mtu kuona. Hita huchomekwa moja kwa moja ukutani, peke yake.

Tunarudia kwa sababu tumeingia nyumba nyingi na kuikuta kwenye ekstensheni. Na mara kwa mara ni ile ya gharama, kwa kuwa aliyeinunua anaamini kitu cha dola 400 hakiwezi kumdhuru. Kinaweza. Na hatari haiishii kwenye ekstensheni.

Tarehe 9 Januari 2022, huko Bronx, New York, moto ulizuka katika ghorofa la Twin Parks, jengo la ghorofa 19 lililokaliwa na familia nyingi kutoka Gambia. Watu 17 walifariki, 8 kati yao watoto. Maafisa wa zimamoto walisema chanzo ni hita ya umeme iliyopata hitilafu baada ya kuwaka mfululizo kwa siku kadhaa. Moto wenyewe haukuenda mbali. Moshi ndio uliopanda ngazi hadi juu, kwa sababu mlango wa nyumba moto ulikoanzia ulibaki wazi. Watu hao walikuwa wahamiaji kama sisi, wakitafuta joto kama sisi.

Kwa hiyo, mama, baba, tunasisitiza. Hita izimwe na kuchomolewa kabla ya kulala na kila mnapotoka. Ikae mita moja mbali na kitanda, pazia, godoro na nguo. Nguo za mtoto hazikaushwi juu yake. Nunua yenye alama ya usalama ya UL au ETL na inayojizima ikianguka. Hizo zinapatikana hata kwa dola 40. Plagi ikiwa ya moto mkononi, chomoa na usiitumie tena. Moto ukizuka, tokeni na mfunge mlango nyuma yenu.

Wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata dakika kumi, wala oveni ya gesi isiwashwe na kuachwa wazi ili kupasha chumba. Nyumba za huku zimezibwa zisipitishe upepo, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu. Mtu hulala asiamke.

Kukiwa na baridi ndani

Anza na mwenye nyumba, kwa maandishi. Miji mingi ina sheria. Jiji la New York, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, humlazimu kutoa angalau nyuzi 62 za Farenihaiti usiku, na 68 mchana ikiwa nje ni chini ya 55; asipotimiza, mpangaji wa huko anapiga 311.

Upo pia mpango wa serikali uitwao LIHEAP, ulioanza 1981, unaosaidia kulipa bili ya kupasha nyumba na wakati mwingine kutengeneza mtambo ulioharibika. Masharti ya kipato hutofautiana kwa kila jimbo. Piga 211 na useme "Swahili" ili utafutiwe mkalimani. Familia nyingi tulizozisaidia kujaza fomu za mpango huo zimepata nafuu. Omba mapema, kwa maana fedha huisha kabla ya baridi kuisha.

Kama sasa hivi hita yako imechomekwa kwenye ekstensheni, weka kijitabu hiki chini ukaichomoe.