Kabla Hujatema Mate Kwenye Kichupa

Mdogo wangu wa Birmingham, barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kichupa cha kupimia asili yako kipo mezani tangu Idi, hujakifungua. Una miaka 26, ulitolewa kwenye makao ya watoto Mombasa ukiwa na miezi minane, na mama aliyekulea hajui kama umekinunua. Umeniuliza neno moja tu: niteme au nisiteme?

Nakujibu kama mtu aliyetema. Mimi pia ni mtoto wa kupanga, na nimekulia Mombasa hiyo hiyo. Mwaka 2019, nikiwa na miaka 34, nilikaa nusu saa bila kula wala kunywa kama karatasi ilivyoagiza, nikajaza mate mpaka kwenye mstari, nikatuma. Wiki saba sikulala vizuri. Nilikuwa namsubiri mama. Kilichokuja ni ramani iliyopakwa rangi, na jamaa yangu wa karibu kuliko wote alikuwa binamu wa kizazi cha nne, Mmarekani Mweusi wa Texas ambaye naye anatafuta kwao. Nililia siku nzima, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenieleza kipimo hiki kinafanyaje kazi.

Kipimo hakimtafuti mamako. Kinalinganisha vinasaba vyako na vya watu waliokwisha kupima kwenye kampuni ile ile, basi. Na wengi waliopima wako Marekani na Ulaya. Kama mama aliyekuzaa yuko Likoni au Voi, yeye na ndugu zake huenda hawajawahi hata kukiona kichupa hicho. Kwa mtu wa kwetu, kipimo ni dema. Unalitega baharini, unarudi nyumbani, unakwenda kuangalia tena mwezi ujao, na ujao. Siku moja mtoto wa shangazi yako aliyehamia Minnesota atapima kwa sababu zake mwenyewe, na jina lake litatokea. Dema halina haraka, na wewe unayo.

Kwa hiyo anza na karatasi. Mtoto anayeokotwa Kenya huripotiwa polisi na kuandikwa kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, na namba ya OB mara nyingi hubaki kwenye faili la makao. Kuna barua ya mahakama iliyokukabidhi pale, na kuna amri ya Mahakama Kuu iliyokufanya kuwa mtoto wa wazazi wako. Tafuta nakala ya kila moja. Halafu tafuta watu, na uwatafute mwaka huu, kwa maana walezi wa wakati ule wanastaafu na kuzikwa. Makao niliyotoka waliniambia faili langu liliharibiwa na mvua. Aliyenisaidia ni mpishi wa zamani, bibi wa miaka sabini na kitu. Alikumbuka kwamba mwanamke aliyenileta alizungumza Kitaita, na kwamba alirudi mara mbili kuniangalia akiwa amesimama nje ya ua. Asilimia zote za ramani yangu hazijawahi kunipa kitu kama hicho.

Asilimia zenyewe zishike kwa mkono mwepesi. Zitakwambia wewe ni Mbantu wa Afrika Mashariki, lakini hazitakwambia kama ni Mtaita au Mgiriama, na kampuni ikiboresha hesabu zake utaamka siku moja umekuwa na sehemu ya nchi ambayo jana hukuwa nayo. Ukiona kipande cha Uajemi au Uarabuni, usikimbilie kusema babako alikuwa Mwarabu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao kwenye miji ya pwani yetu, na ukaonyesha kuwa Waafrika na watu kutoka Uajemi walianza kuchanganya damu hapa yapata miaka elfu moja iliyopita. Hicho kipande chako kinaweza kuwa kikongwe kuliko Fort Jesus.

Kinachofaa kuangaliwa ni orodha ya jamaa. Undugu hupimwa kwa sentimogani, yaani kiasi cha vinasaba mnavyoshiriki. Mzazi na mtoto wake hushiriki takriban 3,400, na ndugu wa baba mmoja mama mbali takriban 1,700. Mtoto wa shangazi au wa mjomba huwa karibu na 850. Lakini hiyo 1,700 inaweza pia kuwa ya bibi, ya ami au ya mama mdogo, kwa hiyo uliza umri kabla hujamwita mtu kaka. Na huyo mtu huenda hajui kama umezaliwa. Pengine wewe ndiye siri ambayo mama yake ameificha miaka 26, na siri za namna hiyo wakati mwingine zina dhuluma ndani yake. Mwandikie kwa ufupi: mfumo unaonyesha sisi ni ndugu wa karibu, nilizaliwa Mombasa mwaka fulani, nililelewa na familia nyingine, natafuta kujua kwetu, ukiwa tayari kuzungumza nipo. Kisha nyamaza. Usimfuate Facebook, usiwaandikie watoto wake.

Jambo la usalama nalo lisikupite. Mwaka 2023 wadukuzi walichota taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya vipimo ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Tumia herufi za kwanza za jina badala ya jina kamili, weka neno la siri usilolitumia kwingine, na ujue pa kubonyeza siku ukitaka kufuta kila kitu.

Kijana wa Dar es Salaam, wewe umeandika kwa hofu nyingine. Uliasiliwa, posa imepokelewa, na unaogopa usije ukamwoa dada yako. Hofu yako si upuuzi, na ninyi mliolelewa kwenye adabu ya kutooa ndugu wa kunyonya ziwa moja mnaijua vizuri. Kichupa cha kuagiza nje si dawa yako. Tanzania vipimo vya vinasaba vina sheria yake ya mwaka 2009, na maabara ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako, mweleze, naye akuongoze.

Sasa narudi Birmingham, kwa lile uliloliandika mwishoni kwa herufi ndogo: mama. Sikubaliani na wanaosema ni lazima umwombe ruhusa. Damu ni yako. Lakini asije akalisikia kwa binamu zako kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mimi nilimficha mamangu miaka miwili, nikidhani namkinga. Nilipomwambia hatimaye, hakulia wala hakuuliza kwa nini. Alinyanyuka, akafungua sanduku lake la kanga, akatoa fulana nyeupe ndogo, imepauka, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ndiyo niliyokuwa nimevaa siku walipokuja kunichukua. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa tena kwa uzi mwekundu, na si yeye aliyeushona.

Mpigie simu Jumapili, mdogo wangu. Muulize ulikuwa umevaa nini.