Kusema na Kufikisha

Katika miji yetu ya pwani hatuna uhaba wa wasemaji. Arusi haikosi msemaji, matanga hayakosi, na kila Ijumaa khatibu hupanda mimbari. Lakini muulizeni atokaye msikitini, kabla hajavaa viatu vyake: khatibu amekutaka ufanye nini? Wengi watajibu kuwa amesema vizuri, na sauti yake ni nzuri. Hilo si jawabu la swali.

Sababu ya haya, kwa tuonavyo, si uchache wa elimu. Msemaji hukusanya maneno kabla ya kukusanya nia. Hutafuta aya, hadithi na visa, akavishona pamoja, naye mwenyewe hajui anataka nini kwa watu. Hali nguzo za khutba katika madhehebu yetu ya Shafii ni tano tu: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia ucha Mungu, kusoma aya, na kuwaombea waumini. Nafasi iliyobaki ameachiwa khatibu aitie haja ya watu wake ya siku ile. Naye Ammar bin Yasir amepokea kwa Mtume s.a.w. kwamba mtu kurefusha Sala na kufupisha khutba ni alama ya kuifahamu kwake dini. Wako wetu wanaofanya kinyume chake, na husifiwa.

Itazameni Khutba ya Kuaga, iliyotolewa Arafa mwaka wa 10 wa Hijra (632). Mtume alijua kuwa yu karibu kuondoka, na kwamba waliokuwa mbele yake walikuwa jana tu wakiuana kwa visasi na kulana kwa riba. Basi alianza na walichokwisha kukitukuza: siku ile, mwezi ule na mji ule. Akawaambia kuwa damu zao na mali zao zina utukufu kama huo. Kisha akaifuta riba, na riba ya kwanza kuifuta ni ya ami yake Abbas. Akavifuta visasi vya Jahiliya, na damu ya kwanza kuiacha ni ya jamaa yake mwenyewe. Nani angeweza kuteta baada ya hapo? Akausia haki za wanawake, kisha akawauliza kama amefikisha, nao wakashuhudia. Hakuna neno katika khutba ile ambalo ukiliondoa haja haipungui.

Hata katika mambo ya utawala utaona hivyo. Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikwenda Nakuru kusema na walowezi wa Kizungu waliokuwa wakiogopa uhuru. Hatuipimi hapa siasa yake, twatazama usemi tu. Angeweza kuzihesabu dhuluma za miaka mingi, na mengi yangekuwa kweli. Lakini alitaka wabaki walime, na pande zote zisameheane, akayasema hayo.

Sasa tuchukue mfano ulio mbali na pwani, kwani huko ndiko msemaji wa mjini hupotea zaidi. Tuseme mmoja wenu amealikwa kusema Rombo, kusini mwa Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro karibu na mpaka wa Tanzania. Nchi ile ni ya Wamasai wafugaji, na wapo wakulima wanaomwagia nyanya na vitunguu kwa mifereji. Kiangazi kikizidi, mwenye shamba na mwenye ng'ombe wote huyatazama maji yale yale. Hapo hotuba nzuri juu ya udugu haimnyweshi ng'ombe hata mmoja, na neno moja la kupendelea upande laweza kuamsha fimbo na mapanga.

Basi kabla hujafunga safari, iandike haja yako kwa sentensi moja: nataka walioko juu wayaachie maji kwa zamu yawafikie walioko chini. Kisha chagua dalili moja, usichague ishirini. Iko hukumu ya Mtume baina ya Zubeir na Mansari juu ya mifereji ya Harra: Zubeir amwagie kwanza, kisha amwachie jirani. Hiyo yatosha, na mkulima asiye Mwislamu pia ataifahamu, kwani ni habari ya mfereji. Uliza mapema zamu zilizokuwapo zamani na nani alizivunja, ili usije ukawafundisha wanayoyajua kuliko wewe.

Tena wengi huko wataka kusikia kwa Kimasai, kwa hivyo utasema kwa mkalimani. Nusu saa yako itakuwa robo saa, na sentensi ndefu itafika imekatika. Arafa pia alikuwapo Rabia bin Umayya akiyarudia kwa sauti maneno ya Mtume ili walio mbali wasikie. Kaa na mkalimani wako usiku wa kuamkia siku hiyo, umpe ile sentensi moja, kisha umwambie akuelezee kwa Kiswahili alivyoielewa. Akikueleza jambo jingine, usiku ungali mrefu, kaa uitengeneze.