Ushauri: D inamulika, gari linarusha, na fundi anataka kutoa bwate

Nina Honda CR-V ya otomatiki ya 2008, ilitoka Japani ikapitia Dar es Salaam. Ninaendea vitenge Lubumbashi, ninaviuza hapa Kolwezi. Wiki tatu sasa herufi D kwenye dashibodi inamulika na kuzima, na gari likitoka gia ya pili kuingia ya tatu linanirusha kama mtu kanigonga nyuma. Asubuhi likiwa baridi lina nafuu. Nikifika Fungurume ni balaa. Fundi alichomeka mashine yake, ikatoa P0848. Akasema bwate, yaani giaboksi, imekufa, nimpe dola 1,200 atafute nyingine iliyotumika. Siku chache kabla ya haya niliongezewa lita moja ya mafuta ya bwate, na kwa ajili ya matope nikaoshewa gari mpaka injini. Pesa niliyo nayo ni ya binti yangu kuanzia chuo kikuu. Nifanyeje?
Mama wa Dilala, Kolwezi

Mama, hiyo pesa ya binti usiitoe bado. Sisemi fundi wako ni mwongo. Labda mwishoni ataonekana alikuwa sahihi. Ila amehukumu kabla ya kupima, na kwenye barua yako kuna mambo mawili, mafuta na maji, ambayo sidhani alikuuliza.

Kwanza ujue hiyo namba inasema nini. Ndani ya bwate kuna pampu inayosukuma mafuta, na nguvu ya mafuta hayo ndiyo inayobana klachi. Gia ya tatu ikiingia, mafuta yanakwenda kwenye klachi yake, na njiani yanakutana na swichi ndogo ya presha, yenye waya mmoja, iliyofungwa kwa nje ya bwate. Presha ikifika, swichi inaunganisha ule waya na bodi la gari, na kompyuta inajua kwamba ya tatu imeshika. Kwenye Honda kama yako, P0847 inatokea swichi inapodai presha ipo wakati haipo. P0848 ni kinyume: kompyuta imeita gia ya tatu, ikangoja, swichi ikanyamaza. Basi ama presha kweli haikufika, ama swichi ndiyo mbovu, ama waya una tatizo. Hiyo namba haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Mashine ya fundi imetaja mlalamikaji, haijataja mgonjwa.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo ninapotia shaka zaidi. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye Toyota, na Toyota yenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikinguruma. Honda haipimwi hivyo. Unaendesha mpaka injini ipate moto wake kamili, feni ya rejeta iwe imewaka na kuzima mara mbili, unasimama mahali pa tambarare, unazima injini, halafu unachomoa kijiti kabla ya dakika moja na nusu kupita. Ukiipima injini ikiwa inazunguka, mafuta mengi yako kazini huko juu, kijiti kinaonyesha upungufu usiokuwepo, na fundi kwa nia njema anakuongezea lita ambayo gari halikuihitaji. Mafuta yakizidi, magurudumu ya meno yanayachapa kama mtu anayepiga mayai, yanatoa povu. Povu lina hewa, hewa inabonyea, klachi haibanwi sawasawa. Na kadiri mafuta yanavyopata moto ndivyo povu linavyozidi. Fungurume hiyo, Mama.

Muulize pia alikuwekea mafuta gani. Kama ni yale mekundu ya kopo lolote, yanayowekwa kila gari, si yake. Honda inataka ATF DW-1, yaliyochukua nafasi ya Z1 ya zamani. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: amwage na kuweka mapya. Kwa CR-V yako mmwago mmoja unatoa kama lita 2 na nusu tu. Mengine yanabaki ndani, kwa hiyo uendeshe siku chache, amwage tena, kisha mara ya tatu. Wakati wa kumwaga mara ya kwanza usiende kunywa soda. Simama hapo. Nati ya kumwagia ina sumaku, na sumaku hiyo inasema kweli kuliko mashine. Ikiwa na ute wa kijivu, laini kama masizi ukiusugua kati ya vidole, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyokwaruza, au mafuta yametoka meusi yananuka kama kitu kilichoungua, hapo fundi wako ana hoja, na mimi ninaanza kurudi nyuma.

Jambo la pili ni kule kuosha injini. Vijana wa kuosha magari wana mpira wa presha unaong'oa hata udongo mwekundu wa mwezi wa pili, lakini soketi ya umeme haikutengenezwa kupigwa hivyo kwa karibu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mwambie fundi achomoe soketi ya ile swichi na aiangalie kwa tochi, si kwa macho ya kupita. Akiona kijani kwenye pini, wewe mtu wa Kolwezi huhitaji kuambiwa ni nini. Watoto wanauza mawe ya malakiti ya rangi hiyo hiyo. Ni shaba iliyokutana na maji na hewa, na shaba ya kijani haipitishi umeme vizuri. Inasafishwa kwa dawa ya kusafishia soketi na brashi ndogo, inakaushwa, inarudishwa mpaka ilie "klik". Autazame na waya wenyewe kwa urefu wake, hasa unapogusa chuma au kupita kwenye joto.

Yote hayo yakiwa safi na D bado inamulika, sasa ni zamu ya mita ya umeme, kifaa ambacho fundi yeyote wa umeme wa magari hapo Manika anacho. Soketi ikiwa imechomekwa, aingize sindano nyembamba kwa nyuma yake hadi iguse pini, aunganishe mita, upande wa pili kwenye bodi, na apitishe nyaya dirishani kwa uangalifu, mbali na feni na mikanda. Wewe endesha, yeye asome. Dereva asishike mita. Ufunguo ukiwashwa na gari likiwa P, atasoma volti kadhaa, kwa kawaida karibu 5. Asiposoma kitu hapo, kuna tatizo la waya. Kisha weka D3, barabara tulivu, mpaka ya tatu iingie: zile volti zinatakiwa kuanguka karibu na sifuri. Zikianguka wakati kompyuta bado inalalamika, swichi inafanya kazi, tafuta kati yake na kompyuta. Zisipoanguka, imebaki swichi au presha yenyewe, na hao wawili hutenganishwa na geji ya presha inayofungwa kwenye tundu la kupimia la klachi ya tatu, namba ikalinganishwa na ya kitabu cha gari. Presha ikiwa nzuri, badilisha swichi. Ikiwa chini hata baada ya mafuta sahihi, kwa kiasi sahihi, basi mpira wa klachi, vali au pampu imechoka. Gari linaloharibika likipata moto linaweza kuwa na ugonjwa huo pia, siwezi kukuficha.

Ikifika kununua swichi, nunua kwa namba ya chasisi, maana swichi za klachi ya pili na ya tatu zinafanana na muuzaji akiwa na haraka atakupa yoyote. Fundi aweke wosha mpya na akaze kwa nyutoni mita 20, si kwa hasira. Bodi la bwate ni alumini. Ile ya zamani mwombe akurudishie mkononi.

Baada ya hapo afute namba kwenye mashine, nawe uende safari bila mzigo. Ukifika Fungurume na D imetulia, usigeuze. Endelea hadi Likasi, tafuta tambarare, zima injini, uchomoe kijiti mwenyewe.